Uvimbe wa ubongo unaodhaniwa kuwa ugonjwa mwingine

Dalili za uvimbe wa ubongo hutegemea mahali ulipoota, ndiyo maana mara nyingine hudhaniwa kuwa kiharusi, kifafa cha kawaida, kipandauso au ugonjwa wa kusahau. Meninjioma, inayoota kwenye utando wa ubongo, hukua taratibu. Ikikandamiza sehemu ya mbele, mgonjwa huwa mzito, hupuuza usafi wake, na jamaa husema ni uzee au sonona.

Kisa cha kusikitisha ni cha George Gershwin, mtunzi wa muziki wa Marekani. Mwaka 1937 alikosea kupiga piano jukwaani Los Angeles, huku akisikia harufu ya mpira unaoungua ambayo wengine hawakuisikia. Harufu ya namna hiyo huweza kuwa degedege la sehemu ya pembeni ya ubongo, lakini matatizo yake yalichukuliwa kuwa ya kisaikolojia. Julai alipoteza fahamu, akafanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo, akafariki tarehe 11 akiwa na miaka 38. Wakati huo vipimo vya CT na MRI, vinavyopiga picha ya ubongo, havikuwepo. Leo, kifafa kinapoanza ukubwani, hicho pekee ni sababu tosha ya kupiga picha ya ubongo.