Madaraka yalivyoondoka na kurudi vijijini Mara

Kabla ya Wajerumani, Wazanaki wa Butiama hawakuwa na machifu. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa rika, na waleta mvua walisikilizwa. Uchifu uliletwa na wakoloni, waliotaka mtu mmoja wa kuwajibika kwa kodi na amri zao. Nafasi hiyo aliishika Nyerere Burito hadi alipofariki mwaka 1942, akarithiwa na mwanawe, Edward Wanzagi.

Mwana mwingine wa Burito, Mwalimu Julius Nyerere, ndiye aliyeufuta uchifu huo. Mwaka 1963 serikali yake iliondoa mamlaka ya machifu nchi nzima, kazi zao zikabaki kwa halmashauri za wilaya. Nazo hazikudumu. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa na maofisa wa serikali kuu wakashika barabara, shule na zahanati. Mwaka 1976 vikafuata vyama vikuu vya ushirika, tegemeo la wakulima wa pamba wa Bunda na Musoma.

Katikati ya miaka hiyo, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma na kuazimia kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Agizo lilitoka juu, lakini wanavijiji ndio waliofyatua matofali, wakabeba mawe na maji, wakasimamisha madarasa.

Sheria namba 7 na 8 za mwaka 1982 zilirejesha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Mwaka uliofuata aling'atuka urais, akarudi kulima Butiama.

Madaraka yamerudi, ila fedha hazikuyafuata zote. Tangu kodi ya maendeleo ifutwe mwaka 2003, halmashauri nyingi zinaishi kwa ruzuku ya Hazina. Hata hivyo, sheria inampa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea kiti katika mkutano mkuu wa kijiji. Humo ndimo mapato na matumizi husomwa, na ugawaji wa ardhi huidhinishwa. Msomaji wa Musoma, Bunda na Butiama, siku mkutano unapoitishwa, nenda. Uliza fedha zimetumikaje, wala usikubali kujibiwa nusunusu.