Meinfremu ni nini, na taarifa zako zinalindwaje humo ndani?

Ukipeleka korosho kwenye ghala la ushirika, karani anaandika jina lako, namba ya simu na akaunti yako ya benki. Ukisajili laini ya simu, unatoa namba ya kitambulisho na alama za vidole. Ukienda hospitali, ugonjwa wako unaandikwa. Siku hizi taarifa hizo haziishii kwenye daftari. Nyingi huingizwa kwenye kompyuta ambazo mwenye taarifa hazioni kamwe.

Katika makala hii tunaeleza aina moja ya kompyuta hizo, inayoitwa meinfremu. Tutaona jinsi taarifa nyeti zinavyolindwa ndani yake, na kilichotokea katika nchi za Sweden na Denmark ulinzi huo ulipovunjwa.

Meinfremu ni nini?

Ni kompyuta kubwa, nyingine zina ukubwa wa jokofu, iliyotengenezwa kwa kazi moja hasa: kupokea maombi mengi sana kwa wakati mmoja bila kusimama. Benki kubwa za dunia, mashirika ya ndege, kampuni za bima na serikali za nchi nyingi huzitumia. Mtu anapotoa fedha kwenye mashine ya benki Ulaya au Marekani, mara nyingi ni meinfremu inayojibu kama salio linatosha.

Kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza familia yake maarufu ya meinfremu, System/360, Aprili 1964. Mfumo mmoja wa kuhifadhi taarifa kwenye mashine hizo, unaoitwa IMS, ulianza kama chombo cha kufuatilia vipuri vya roketi ya safari za mwezini za Apollo, na hadi leo unatumika. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe: kanzidata hizi hudumu miaka mingi, na taarifa zinazokusanyika humo zinaweza kuwa za watu wa nchi nzima.

Kwa nini taarifa nyingine huitwa nyeti?

Nywila ikiibwa, unabadilisha. Kadi ya benki ikipotea, inafungwa na unapewa nyingine. Lakini tarehe yako ya kuzaliwa, alama za vidole na historia ya ugonjwa wako hazibadilishwi. Zikishatoka, zimetoka. Ndiyo maana taarifa za namna hiyo, pamoja na namba za vitambulisho na akaunti za fedha, zinahitaji ulinzi wa ziada.

Yaliyotokea Sweden na Denmark

Wapo walioamini kwamba meinfremu haivamiki. Mwaka 2012 imani hiyo ilitikiswa.

Nchini Sweden, kampuni iitwayo Logica ilikuwa ikiendesha meinfremu zenye taarifa za taasisi za serikali. Machi mwaka huo iligundulika kwamba watu wasiohusika walikuwa wameingia na kuchota taarifa, zikiwemo namba za utambulisho za raia. Walichukua pia faili la RACF, yaani programu inayoamua nani aruhusiwe kuingia na afike wapi. Ndani ya faili hilo nywila zilikuwa zimefumbwa, lakini kwa njia ya zamani. Kwa muda mrefu nywila za mfumo huo zilikuwa na herufi zisizozidi nane, na kompyuta za leo zinaweza kujaribu michanganyiko mingi mno kwa muda mfupi. Nywila nyingi zikafumbuliwa.

Juni 2013 polisi wa Denmark nao wakatangaza kwamba meinfremu iliyoendeshwa kwa niaba yao na kampuni ya CSC ilivamiwa tangu mwaka 2012. Ishara ilitoka kwa polisi wa Sweden. Miongoni mwa vilivyofikiwa ni rejista ya leseni za udereva, yenye namba za utambulisho za wananchi. Namba hizo zina tarakimu 10, na sita za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mhusika.

Gottfrid Svartholm Warg, raia wa Sweden, alitiwa hatiani katika nchi zote mbili. Mwaka 2014 mahakama ya Denmark ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu na nusu. Yeye alikana, akidai kwamba mtu mwingine aliitumia kompyuta yake kutoka mbali.

Ulinzi unavyopangwa

Lifikirie ghala. Kufuli la mlango mkuu peke yake halitoshi, kwa sababu mwenye ufunguo mmoja angefika kila kona. Katika meinfremu pia ulinzi huwekwa kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kumtambua anayeingia. Nywila ndefu inasaidia, na ni bora zaidi ikiongezewa uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayotumwa kwenye kifaa chake.

Ya pili ni kumpa kila mfanyakazi kile tu anachohitaji kwa kazi yake. Kanzidata iitwayo Db2 inaweza kupangwa hivi: karani wa tawi aone wateja wa tawi lake tu, na badala ya namba nzima ya akaunti aone tarakimu nne za mwisho.

Ya tatu ni kusimba, yaani kugeuza maandishi yawe fumbo lisilosomeka bila ufunguo maalumu. Mwaka 2017 IBM ilileta meinfremu ya z14, yenye uwezo wa kusimba taarifa zote bila kuipunguza sana kasi ya kazi. Funguo hulindwa na kifaa maalumu kinachozifuta chenyewe kikigundua kwamba kuna mtu anajaribu kukifungua. Hapa kuna faida ambayo wengi hawaifahamu: fundi anayehamisha mafaili kutoka diski moja kwenda nyingine anaweza kufanya kazi yake bila kuweza kusoma kilichomo, sawa na mpagazi anayebeba sanduku lililofungwa.

Hata hivyo, kusimba hakumzuii mtu mwenye ruhusa halali. Akiingia kwa jina na nywila sahihi, mfumo unamfumbulia. Mwizi aliyeiba nywila hiyo naye anafumbuliwa vilevile. Kwa hiyo hatua ya tatu haina maana kama mbili za mwanzo ni legevu.

Ya nne inahusu nakala. Watengeneza programu huhitaji taarifa za kufanyia majaribio, na njia rahisi ni kunakili zile za kweli. Nakala hiyo huwekwa mahali penye ulinzi mdogo na kushikwa na watu wengi. Njia salama ni kubadilisha majina na namba kabla nakala haijatoka. Kazi hiyo inataka uangalifu: namba moja ikibadilishwa kwenye orodha ya wateja, lazima ibadilishwe vilevile kwenye orodha ya mikopo, la sivyo orodha hazitaoana na majaribio hayatakuwa na maana.

Ya tano ni kumbukumbu ya nani alifungua nini, na saa ngapi. Kumbukumbu isiyosomwa na mtu haisaidii. Kisa cha Denmark kinaonyesha kwamba uvamizi unaweza kupita, na miezi ikapita pia, kabla mwenye mfumo hajajua.

Hapa kwetu

Si kila taasisi katika Afrika Mashariki inatumia meinfremu. Nyingi zinatumia seva ndogo zaidi. Lakini hatua hizi tano zinahitajika popote taarifa za watu zinapowekwa, hata kwenye kompyuta moja ya ofisi ya ushirika.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayoitaka taasisi kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru watu. Sheria zote mbili zinakupa haki ya kujua taarifa zipi zako zimeshikwa na kutaka zenye makosa zirekebishwe.

Unachoweza kufanya wewe

Ukiombwa kitambulisho, uliza kinatakiwa kwa kazi gani na nakala itakaa wapi. Usimtajie mtu namba yako ya siri, hata akisema anapiga simu kutoka benki au kampuni ya simu. Kwa walio Tanzania, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni ya laini hiyo uombe ifutwe. Mwenye simu ndogo ya vitufe anaweza kufanya hivyo pia, kwani huduma hiyo haihitaji intaneti.