Sheria ya kupunguza nakisi na zile siku 60

Haya wadau, leo historia inatupeleka Marekani ya miaka ya 80. Mwaka 1987 jamaa walinunua nje kuliko walivyouza, na tofauti, yaani nakisi ya biashara, ikafika kama dola bilioni 152. Japani peke yake ilibeba zaidi ya theluthi. Huku viwanda vya chuma na magari vinafungwa, watu wanabaki mtaani.

Mbunge Richard Gephardt wa Missouri akaja na dawa chungu: nchi inayoiuzia Marekani kupita kiasi huku ikicheza rafu, ipunguze ziada yake kwa asilimia 10 kila mwaka, la sivyo ibanwe. Aprili 1987 Bunge la Wawakilishi likapitisha kwa kura 218 dhidi ya 214. Kura nne tu jamani! Ila mswada wa mwisho ulipotoka, dawa yake haimo. Ikawekwa laini kidogo: serikali itaje nchi zinazofunga masoko yao, izungumze nazo, ikishindikana iziadhibu.

Sasa hapa ndipo panaponoga. Mei 1988 Rais Reagan akaupiga mswada kura ya turufu, na sababu kubwa wala si Japani. Kilichomkera ni kifungu kinachomtaka mwajiri mkubwa anayefunga kiwanda awaambie wafanyakazi siku 60 kabla. Wawakilishi wakampinga, lakini Seneti ikakosa theluthi mbili. Basi Kongresi ikakichomoa kifungu, ikakipitisha peke yake. Mwaka ulikuwa wa uchaguzi, mzee akakiacha kiwe sheria bila kutia saini. Sheria ya biashara yenyewe akaisaini Agosti 23.

Ikasaidia? Mwaka 1989 zikatajwa Japani, Brazili na India. Nakisi ikashuka hadi kama bilioni 31 mwaka 1991, lakini tusidanganyane. Dola ilishaanza kushushwa thamani tangu makubaliano ya Hoteli ya Plaza, New York, Septemba 1985: kutoka kama yeni 240 hadi kama 120 kufikia mwanzoni mwa 1988. Bidhaa za Marekani zikawa nafuu nje. Halafu 1991 uchumi ulidorora, watu wakanunua kidogo. Mwaka 2006 nakisi ilipita bilioni 700, safari hii China ikiwa mbele. Nchi ikitumia kuliko inavyozalisha, ukimfungia mlango huyu utanunua kwa yule.

Kwa hiyo vifungu vilivyopigiwa kelele havikuimaliza nakisi, ila kile kilichokataliwa bado ni sheria hadi leo. Siku 60 hazirudishi kiwanda, lakini baba au mama wa watu anapata muda wa kutafuta kazi nyingine na kupanga madeni kabla geti halijafungwa.

Sisi tunaokwenda kufundisha historia, tukifika kwenye sheria kama hizi tuwaulize wanafunzi: ilimsaidia nani hasa? Nyie mnaonaje? Tupeni maoni.