Kaisari na Kaizari: Jina Lililogeuka Cheo

Washairi tunalipenda neno Kaisari kwa uzito wake wa enzi. Yafaa basi tujue lilikotoka, maana si kila Kaisari ni mmoja.

Asili yake ni Kilatini, Caesar, wala halikuwa cheo. Lilikuwa jina la tawi moja la ukoo wa Julius huko Roma. Sisi wa Rungwe twalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa majina yetu yaanzayo na Mwa-, kama Mwakyusa, nayo hutaja mbari ya mtu. Maana yake Warumi wenyewe waliibishania: wengine walilitoa katika kitenzi cha kukata, kwa hadithi ya babu aliyetolewa tumboni kwa kisu, wengine katika nywele nyingi. Gaius Julius Caesar aliuawa mwaka 44 kabla ya Kristo pasipo kuvikwa taji. Augustus alilirithi jina lake, nao waliofuata wakalichukua hata wasipokuwa wa damu yake. Hapo jina likawa kiti.

Kwetu limefika kwa njia mbili. Ya kwanza ni Kiyunani na Kiarabu, ambamo Qaysar ni mtawala wa Rumi, mfano Herakli anayesimuliwa katika Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728. Kaisari wa Biblia ya Kiswahili naye ni huyo wa Rumi. Ya pili ni Kijerumani, Kaiser, ambamo s hutamkwa z. Ndipo tukapata Kaizari. Huyo ndiye ambaye boma la Tukuyu, likiitwa Neu Langenburg, lilitawala kwa niaba yake. Kilele cha Kilimanjaro nacho kilibeba jina la Wilhelm, baadaye kikaitwa Uhuru. Waingereza waliiteka Neu Langenburg mwaka 1916. Miaka miwili baadaye Kaizari mwenyewe akaachia kiti.

Wanyakyusa walikuwa na neno lao: malafyale. Lilikuwapo kabla ya boma, na ijapokuwa serikali ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, lingali vinywani mwa watu.

Kwa hiyo, mshairi, Kaisari mwache Roma na Kaizari mwache Berlin. Umwimbapo mtawala wa milima hii, mwite malafyale. Ukimwita kaisari hujamkweza. Umempa jina la ukoo wa mtu mwingine.