Wagreki wa Kale na Neno "Mshenzi"



Katika somo hili tutawasimulia habari za Wagreki wa kale, wale ambao Maandiko Matakatifu huwaita Wayunani. Pengine mtauliza: Watu wa mbali vile, waliokufa zamani, watatufaa nini sisi wa Mokambo? Subirini kidogo. Mtaona kwamba kosa lao moja tunalo hata sisi.

Wagreki hawakuwa na serikali moja. Kila mji ulijitawala, wenye sheria zake, askari wake na sikukuu zake. Uliosifiwa kuliko yote ni mji wa Athene. Huko, yapata miaka 450 kabla ya kuzaliwa Kristo, raia walikutana juu ya kilima kufanya baraza. Tajiri aliweza kusimama na kusema, na maskini vilevile. Kisha wote wakainua mikono kuamua habari ya vita au ya amani. Ndio waliojenga hekalu kubwa la mawe liitwalo Parthenon, ambalo kazi yake ilianza mwaka 447 na kumalizika mwaka 432 kabla ya Kristo. Ndio waliotunga michezo ya kuigiza, wakachunguza nyota, hesabu na dawa. Mataifa mengi hujifunza kwao hata leo.

Lakini tutazame na upande wa pili. Katika baraza lile wanawake hawakuwa na neno, wala wageni, wala watumwa. Na watumwa walikuwa wengi sana. Si mbali na Athene palikuwa na machimbo ya fedha, mahali paitwapo Laurion. Ninyi mlio na ndugu katika machimbo ya shaba mwafahamu ugumu wa kazi hiyo. Watumwa wa Laurion walitambaa katika mashimo membamba, wenye taa ndogo za mafuta, wakikata mwamba kwa nyundo na patasi. Fedha ya Laurion ndiyo iliyojenga merikebu zilizowashinda Waajemi huko Salamis mwaka 480 kabla ya Kristo. Bwana aliketi barazani akinena juu ya uhuru, na mtumwa wake yu chini ya ardhi.

Je, watu wenye akili kiasi kile walivumiliaje jambo hilo? Neno moja liliwasaidia. Kila mtu asiyesema Kigreki walimwita "barbaros", kwa maana masikioni mwao lugha za wageni zilikuwa bar-bar-bar tu, kelele isiyo na maana. Hata Aristotele, mwalimu wao mkuu, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika kwamba watu wengine ni watumwa kwa asili yao. Ukisha kumwita mtu hivyo, huoni tena sababu ya kumsikiliza.

Nasi tunalo neno kama hilo: mshenzi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara. Sisi wa bara tukalipokea, tukawatupia jamaa zetu wasiobatizwa. Tuungame kosa letu. Tulipotoka shule ya makatekista tulitaka kuchimba kisima karibu na kikanisa. Mzee mmoja, asiyebatizwa, alituambia: "Wanangu, hapo hapana maji." Tukacheka, tukasema: "Mshenzi atatufundisha nini?" Tulichimba siku nne, tukakuta mwamba mkavu. Kwa haya tulikwenda kumwomba radhi. Hakutusuta. Alituongoza hadi penye mkuyu, akapiga fimbo chini, na hapo maji yalipatikana.

Kumbe wazee wetu hawakuwa watu wasiojua kitu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigreki habari za safari za baharini. Alitaja soko la Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki, lililopata jina lake kwa mashua zilizoshonwa kwa kamba. Alisema huko kulipatikana pembe nyingi za ndovu. Tena alisema kwamba wafanya biashara walipeleka divai na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa hao "barbaroi". Aliwaita kwa dharau, lakini urafiki wao aliuhitaji!

Na hapa kwetu Katanga? Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walifukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta vyungu vizuri sana, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba, na makaburi mengine yana umri wa miaka elfu moja na zaidi. Wenye kuyeyusha shaba ile kwa mivukuto hawakusoma shule yo yote ya Wagreki.

Mtakatifu Paulo aliandika barua zake kwa Kigreki. Lakini kwa lugha hiyohiyo aliwafundisha Wakolosai kwamba katika Kristo hakuna tena kutenga Mgreki na barbaros, wala mtumwa na mtu huru. Basi, tupokee hekima ya Wagreki, tuliache neno lao. Na jioni hii, mzee wa jirani akifungua kinywa, tumsikilize mpaka amalize.

Maswali
1. Nani hawakuruhusiwa kusema katika baraza la Athene?
2. Kwa nini Wagreki waliwaita wageni "barbaroi"?
3. Katika kijiji chako, ni nani ambaye maneno yake hayasikilizwi?