Sehemu ya 4: Mwalimu aliyeuliza hali

Nimetoka zamu, mtoto kalala, tuendelee. Wengi mmeniandikia: "Dada nesi, nilianza kozi ya mtandaoni nikaishia njiani. Ni uvivu?" Hebu twendeni kwanza Marekani, mwaka 1873.

Enzi hizo vyuo vingi havikupokea wanawake. Pale Boston, Anna Eliot Ticknor, mwanamke wa miaka 50, akaanzisha chama cha kuwahimiza wanawake wasome nyumbani. Darasa hakuwa nalo. Alikuwa na kalamu, posta na marafiki waliokubali kufundisha bila malipo.

Kila mwanafunzi alipewa mwalimu wake. Alisoma vitabu vilivyokuja kwa posta, akaandika alichokumbuka, akatuma. Kila mwezi mwalimu alimjibu yeye kama yeye, kwa jina lake.

Upande wa sayansi ulikuwa na Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kuhitimu chuo cha MIT. Aliandika juu ya mimea na mawe. Lakini kwenye barua za wanafunzi akaanza kuona mengine: nimechoka, naumwa, kazi za nyumbani zimenizidi. Angeweza kuyapita tu, si somo lake! Yeye akayajibu. Akawaandikia kuhusu chakula, mavazi, mazoezi na kupumzika. Baadaye chama kikatoa hata kijitabu cha afya.

Sisi manesi tunalijua hili. Mgonjwa anakuja na kikohozi, shida yenyewe anaisema ameshashika mlango anaaga.

Anna alifariki mwaka 1896, na mwaka uliofuata chama kikafungwa. Lakini maelfu ya wanawake walishasoma kwa njia ile.

Sasa yangu. Diploma nimeisoma nikiwa kazini, masomo mengi kwenye simu, nina mtoto wa miezi mitano. Nikashindwa kutuma kazi mbili. Kila siku ujumbe wa mashine: umechelewa, umechelewa. Nikaamua basi, naacha.

Jioni moja simu ikaita. Mwalimu. Akasema, "Mama, mtoto anaendeleaje?" Kumbe alisoma nilivyojitambulisha siku ya kwanza, na akakumbuka. Jamani, nililia. Kesho yake saa kumi alfajiri, mtoto yuko kwenye ziwa, nikamalizia kazi ya kwanza kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo mama, usikimbilie kujiita mvivu. Kabla hujalipa ada, uliza: kuna mwalimu atakayenijua kwa jina? Nikikwama nampigia nani? Na siku ya kujitambulisha usiandike jina tu, sema una mtoto na unasoma saa ngapi. Nawe unayefundisha mtandaoni, leo mtafute mmoja aliyekaa kimya. Usianze na kazi anayodaiwa, anza na hali yake.

Wewe nani alikushika mkono ukamaliza? Niandikie hapo chini, nitasoma nikiamka. Sehemu ya 5 Jumapili, Mungu akipenda.