Kutoka BSA hadi Boxer

Kwenye steji za bodaboda za Lucky Summer, Nairobi, kuanzia upande wa Baba Dogo hadi kuteremka Ngunyumu, pikipiki ya Kiingereza huioni. Ni Boxer na TVS mfululizo, Honda moja moja, na zile za Kichina ambazo wenyewe huzitetea kwa sauti ya chini. Lakini kaa pale mchana, abiria wakiwa wachache, usikilize mabishano ya nduthi ipi ndiyo nduthi. Mwenye Boxer hatakuambia kwamba yake ina mbio wala ina sura. Atasema inavumilia, spea zake ziko kila kona, na kijana aliyeanza ufundi juzi anaweza kuifungua na kuifunga. Ni sifa hizohizo zilizowafanya watu wa vizazi vilivyopita kushikamana na BSA, Triumph na Norton, na wengine wao hawajaziacha hadi leo. Anayedhani mapenzi ya pikipiki za Mwingereza yalikuwa mapenzi ya Uingereza hajakaa karibu na fundi.

Uingereza wenyewe wa pikipiki hizo ulikuwa wa mchanganyiko. Kampuni ya Triumph ya Coventry ilianzishwa na Mjerumani, Siegfried Bettmann, mzaliwa wa Nuremberg, na pikipiki yake ya kwanza ilitoka mwaka 1902. BSA ya Birmingham ilikuwa kiwanda cha bunduki kabla ya kuwa cha pikipiki. Ile Bantam yake ndogo iliyotoka mwaka 1948, iliyobeba matarishi wa posta na wanafunzi wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 20, ilichorwa na Wajerumani wa DKW, na michoro ikachukuliwa kama fidia ya vita. Royal Enfield ya Redditch nayo, kama tutakavyoona, iligeuka kuwa ya Kihindi.

Katika Afrika Mashariki pikipiki zilijaribiwa kwa ukali mapema. Mwaka 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipokuwa likimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, Tanganyika ya baadaye, kulikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Mvua ilipofika, njia zikawa matope, na mzigo wa vita ukarudi pale ulipokuwa daima, kwenye vichwa na mabega ya wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maelfu. Wale hawakuandikiwa vitabu vingi kama walivyoandikiwa waliokuwa juu ya magurudumu.

Baada ya vita walowezi, wamisionari, maofisa wa reli na wafanyabiashara wa Kihindi walianza kununua. Hapa kuna jambo ambalo husahauliwa. Watu hudhani bidhaa za Uingereza zilitawala soko la Kenya kwa sababu mkoloni alizipendelea kwa ushuru. Haikuwa hivyo. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa ndani ya eneo la mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 na kufanyiwa marekebisho Saint-Germain mwaka 1919. Mikataba hiyo ilizuia taifa lolote kujipa upendeleo wa ushuru. Ndiyo maana miaka ya 1930 vitambaa vya Japani viliweza kuwatoa jasho wafanyabiashara wa Manchester katika masoko yetu. Pikipiki ya Mjerumani au ya Mmarekani ingeweza kuingia Mombasa kwa ushuru uleule. Kilichoipa ya Mwingereza nguvu ni wakala aliyekuwapo, meli zilizokuja mara kwa mara, na sanduku la spea lililofika bila kusubiriwa mwaka mzima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na ingali hai Lucky Summer leo.

Chombo chenyewe kilisaidia. Chukua BSA M20, ambayo kiwanda kilitengeneza takriban 126,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Silinda moja ya cc 500, valvu za pembeni, magneto isiyohitaji betri ili plagi itoe cheche, kabureta ya Amal yenye vipande vichache. Ilikuwa nzito na ya polepole, na wanajeshi waliilalamikia kwa hayo yote mawili. Lakini gurudumu zito la ndani ya injini liliivuta matopeni kwa mzunguko wa chini bila kuzimika, na ikizima, sababu zilikuwa mbili tu: hakuna moto au hakuna mafuta. Mtu aliweza kuikalia chini ya mti akatafuta lipi kati ya hayo mawili.

Safari za masafa marefu ziliongeza jina. Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa Panther ya cc 600 yenye kitoroli cha pembeni na trela nyuma, pikipiki iliyoundwa Cleckheaton huko Yorkshire. Walikata Sahara, injini ikawafia huko na ikabidi ijengwe upya Agadez, kisha wakashuka kupitia Kongo na Afrika Mashariki hadi Cape Town, walikofika Julai 1935. Kuharibika huko ndiko kunakonivutia zaidi kuliko kufika. Injini iliyokufa jangwani ikafufuka jangwani. Mwenye pikipiki akishaona hivyo mara moja, ni vigumu kumwuzia nyingine.

Nairobi ilikuwa na wafufuaji wake. Mafundi wa Kisinga, Makalasinga kama tulivyozoea kuwaita, walikuja na reli wakabaki na gereji, na Grogan Road, ambayo sasa ni Kirinyaga Road, ikawa mtaa wa vyuma na mafuta. Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alitoka katika ulimwengu huo wa gereji ya baba na mtoto. Vijana wa Kiafrika waliingia kama wa kushika taa na kuosha vipuri kwa petroli, wakatoka mafundi. Hakuna cheti kilichotolewa. Elimu hiyo ilipita mkononi, na ilipita pamoja na vifaa vyake.

Vifaa hivyo vinastahili maneno yake. Pikipiki za Uingereza zilifungwa kwa nati za kipimo cha Whitworth na vizazi vyake, kipimo kilichowekwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana ya milimita haikai juu yake sawasawa. Ukilazimisha, unakula pembe za nati na siku hiyo imeharibika. Kwa hiyo aliyekuwa na seti ya Whitworth alikuwa na kazi, na aliyekuwa na BSA alikuwa na fundi mmoja au wawili tu wa kuwaendea. Walijuana. Mteja hakuhama kwa sababu fundi hakuhama, na fundi hakuhama kwa sababu kuhama kulimaanisha kununua spana upya kuanzia ya kwanza. Utiifu mwingine husifiwa kwa maneno makubwa kumbe umefungwa na sanduku la vifaa.

Hapo palikuwa na udhaifu pia. Kasha la injini nyingi za Waingereza lilipasuliwa wima katikati, na mahali vipande vilipokutana mafuta yalivuja. Taa za Lucas zilijulikana dunia nzima kwa kuzima usiku, na wenyewe walikuwa wa kwanza kutaniana juu yake. Honda ilianza kuuza Super Cub mwaka 1958, pikipiki ndogo isiyovuja na isiyomchafua mtu suruali. Mwaka 1969 ikaleta CB750 yenye silinda 4, starta ya umeme na breki ya diski mbele. Waingereza walikuwa bado wanapiga kiki. Hata mguu ulihamishwa: gia zao zilikuwa kulia na breki kushoto, hadi sheria za Marekani katikati ya miaka ya 1970 zilipolazimisha gia kuwa kushoto kama tunavyozijua leo.

Anguko lilikuwa la haraka. BSA ilikwisha mapema miaka ya 1970. Septemba 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph cha Meriden walifunga milango wakikataa kiwanda kifungwe, na mwezi uliofuata mwandishi Ted Simon aliondoka London kwa Triumph ya cc 500 kutoka kiwanda hichohicho, akapita Kenya na Tanzania katika safari ya miaka 4 iliyozaa kitabu chake maarufu cha mwaka 1979. Wafanyakazi waliendesha kiwanda kama ushirika kuanzia 1975 hadi kilipokufa mwaka 1983. Jina likanunuliwa na tajiri wa ujenzi, John Bloor, akaanza upya Hinckley.

Kwetu pikipiki za Kiingereza zilirithiwa na ukungu wa stoo. Leseni za kuagiza bidhaa na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya pistoni moja ya Norton kuwa hadithi ndefu, wakati Yamaha na Suzuki zilikuwa chini ya maofisa wa kilimo, makatekista na watu wa miradi. Zilizosalia leo utaziona zikisuguliwa kwa ajili ya Concours d'Elegance ya Nairobi, ambayo Alfa Romeo Owners Club imeiandaa tangu mwaka 1970 na ambayo ina madaraja ya pikipiki. Hao ni watiifu wa aina nyingine, wenye muda na pesa. Siwabezi, ila pikipiki zao hazina haja tena ya kumleta mtu kazini kesho asubuhi.

Kuna moja tu ambayo haikukatika. Miaka ya 1950 jeshi la India lilitaka pikipiki ya kulinda mipaka yake, likachagua Bullet ya Royal Enfield ya cc 350, na mwaka 1955 kiwanda kikaanzishwa Madras, Chennai ya leo, cha kuziunga. Kiwanda cha Redditch kilifungwa mwaka 1967. Cha Madras kikaendelea, na kufikia 1977 Wahindi walikuwa wanawauzia Waingereza Bullet iliyochorwa na Waingereza. Injini ilidumu kwa sababu spea zilidumu, na spea zilidumu kwa sababu nchi nzima ya mafundi ilikuwa imejifunza mkono wake.

Sisi Wakenya tungepaswa kuielewa hadithi hiyo haraka, maana tulishaiona kwa baiskeli. Wale wa Busia walioanza bodaboda miaka ya 1960, wakibeba watu na magunia kuvuka kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, walitegemea baiskeli nzito nyeusi za mtindo wa Raleigh ya Nottingham. Baadaye Black Mamba nyingi zikawa za Hero na Avon, za kutoka India. Umbo lilibaki na bei ikashuka, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kunyoosha rimu chini ya mwembe.

Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki zisizozidi cc 250, na mitaa ya Eastlands ikabadilika sauti. Bajaj ya Pune ilileta Boxer, chombo chenye mizizi katika ushirikiano wake na Kawasaki ya Japani. TVS ikaleta Star na HLX. Hapa Lucky Summer spana namba 10, 12, 14 na 17 zinatosha kwa karibu kila kazi. Klachi, cheni, sproketi na bushi ziko dukani hatua chache kutoka steji, zisipokuwepo kuna Kirinyaga Road, na kinachohitaji kukerezwa au kuchomelewa kinapelekwa Kariobangi Light Industries na kurudi siku hiyohiyo. Kampuni za mikopo nazo hupenda kinachouzika tena. Mwenye deni la kila siku hawezi kulaza chombo wiki nzima akisubiri gasketi, na hesabu hiyo humfanya mtiifu kuliko tangazo lolote.

Wakati huohuo Wahindi wameanza kununua makumbusho. Aprili 2020 TVS ilinunua Norton kwa pauni milioni 16. Januari mwaka huohuo Bajaj ilitia saini ushirikiano na Triumph, na mwaka 2023 zikatoka Speed 400 na Scrambler 400 X, zinazotengenezwa Chakan karibu na Pune. BSA yenyewe imefufuliwa chini ya kivuli cha Mahindra. Kwa hiyo kijana wa Ngunyumu anayelipa mkopo wa TVS na mstaafu wa Uingereza anayeota Norton wanapeleka pesa katika nyumba moja, ingawa hakuna anayewaambia kwamba ni jamaa.

Sasa wanakuja wa umeme, Roam na Ampersand na wenzao, na hoja yao ya gharama ya mafuta ni nzito. Vijana wengi wa steji bado wanasitasita, na sababu wanayotaja haihusu kelele wala sura. Kwenye Boxer fundi wa hapa hufungua injini yote kwa spana zake. Kwenye ile ya umeme mara nyingi betri ni mali ya kampuni, kituo cha kubadilishia ni cha kampuni, na kisanduku kinachoongoza mota kimezibwa. Baadhi ya kampuni hizo zimeanza kuwafunza mafundi wa mitaani, na nadhani hapo ndipo soko la Lucky Summer litakapoamuliwa, katika gereji zake za mabati.